Ukungu Una Majina Manne: Lenzi ya Zumu na Picha Zetu

Katika mazungumzo yetu ya kila siku, picha isiyoonekana vyema hupewa sifa moja tu: ati ina ukungu. Mwanafunzi aliyerudi kutoka ziara ya Haller Park, hapa Bamburi, akiwa na picha ya twiga asiye na macho wala pembe, atasema picha yake ina ukungu. Mwalimu wa michezo aliyempiga picha mshambuliaji wa shule akifunga bao, kisha akaambulia kivuli kirefu kilichovaa jezi, naye atasema ina ukungu. Mtafiti aliyepiga picha ukurasa wa mswada wa kale, akashindwa kuusoma alipofika nyumbani, atalitumia neno lilo hilo. Neno ni moja, lakini maradhi ni manne, na dawa ya moja haiponyi jingine.

Hoja yangu ni nyepesi. Picha nyingi zinazoharibika katika kamera zenye lenzi za zumu haziharibiki kwa uduni wa kamera. Huharibika kwa sababu aliyeishika hajui ni ukungu gani uliompata, na kwa hiyo hutibu asichougua. Huyu hununua lenzi ya bei kubwa zaidi ilhali tatizo lake ni mkono. Yule hununua stendi ya miguu mitatu ilhali tatizo lake ni mwendo wa ngamia ufuoni. Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wahenga. Mimi nitathubutu kuieleza maana hiyo, maadamu kazi yangu ya kila siku ni kutenganisha mambo yanayofichwa na neno moja.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini mhadhiri wa isimu ajiingize katika mambo ya kamera. Jibu ni kwamba elimu yetu sasa inahifadhiwa kwa picha kuliko wakati wowote uliopita. Ziara za shule, majaribio ya sayansi, kazi za sanaa za wanafunzi, hati za kale, maandishi ya makaburini, hata midomo ya wasemaji wa lugha ndogondogo wanapotamka sauti ambazo huenda zisisikike tena kizazi kijacho: yote haya huingia katika kamera. Picha ikiwa mbovu, kumbukumbu imepotea, na aghalabu hakuna nafasi ya pili.

Bamburi yenyewe ni ushahidi wa nguvu ya picha iliyo wazi. Mnamo mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyezaliwa Uswisi, alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji yaliyokuwa jangwa tupu la mawe ya matumbawe. Mivinje ikashika, jongoo wakayasaga majani yake yaliyokauka, udongo ukapatikana, na msitu ukainuka. Ndimo alimoletwa ndama wa kiboko aliyeokolewa baharini Malindi tarehe 27 Desemba 2004, siku moja baada ya tsunami. Alipewa jina Owen, akaandamana na kobe mkongwe aliyekadiriwa kuwa na miaka 130, aitwaye Mzee. Watoto wa nchi za mbali wasiowahi kulisikia jina la Bamburi waliijua habari hiyo kupitia kitabu kilichochapishwa mwaka 2006 chenye picha za mwandishi wa habari Peter Greste. Nani angeamini kwamba kiboko amemlalia kobe, lau picha zile zingekuwa madoa mawili ya kijivu?

Kabla ya kuyataja maradhi, sharti tuielewe lenzi yenyewe. Lenzi ya kawaida ina urefu mmoja usiobadilika, tuseme milimita 50. Lenzi ya zumu ina urefu unaobadilika: unapozungusha pete yake, au unapobonyeza kitufe katika kamera ndogo, urefu hupanda, tuseme kutoka milimita 70 hadi 300, na kilicho mbali huonekana kimesogea karibu. Uzuri huo una gharama tatu. Kwanza, lenzi inapokuza kitu hukuza pia kila mtikisiko wa mkono. Pili, katika lenzi nyingi za bei nafuu tundu la kupitishia mwanga hupungua kadiri unavyovuta. Lenzi inayoanza na tundu la f/4 na kuishia f/5.6 hupitisha nusu tu ya mwanga wa awali. Tatu, eneo linaloonekana wazi mbele na nyuma ya mlengwa hupungua mno. Mtaka yote hukosa yote: anayevuta mpaka mwisho bila kulipa gharama hizi atakosa hata kile kidogo alichokuwa nacho.

Maradhi ya kwanza nayaita ukungu wa mkono. Dalili yake ni kwamba picha nzima, kutoka pembe hadi pembe, imevutika kuelekea upande mmoja. Jani, jiwe na mnyama vyote vina kivuli cha pili. Hesabu yake haina fumbo. Tuseme mkono umecheza kwa sehemu moja tu ya kumi ya digrii wakati kilango cha kamera, ambacho wapigapicha hukiita shata, kimefunguka. Kwa lenzi ya milimita 50, taswira huhama kiasi cha milimita 0.09 juu ya filamu. Kwa lenzi ya milimita 300 huhama milimita 0.52, yaani mara sita zaidi. Picha hiyo ikikuzwa mara kumi ili ibandikwe ukutani darasani, kila ukingo utakuwa umesambaa kwa nusu sentimita. Tumbili aliyeketi mita 20 kutoka hapo hawezi kubaki na uso.

Wapigapicha wa zamani walituachia kanuni inayofaa hadi leo: mwendo wa shata usiwe wa polepole kuliko sekunde moja igawanywe kwa urefu wa lenzi. Kwa milimita 200 tumia 1/250 ya sekunde au upesi zaidi. Kwa milimita 300 tumia 1/500. Kamera nyingi za kidijitali zina kipokezi cha mwanga kilicho kidogo kuliko kiunzi cha filamu ya milimita 35, na hapo urefu wa lenzi uzidishwe kwa 1.5 kabla ya kugawanya. Milimita 200 zinahesabiwa kuwa 300, na 300 zinahesabiwa kuwa 450.

Mwanafunzi atasema: lakini chini ya mivinje hakuna mwanga wa kutosha kwa mwendo huo. Ni kweli, na ndipo wengi wanaponaswa. Jua la Mombasa ni kali nje ya kivuli, na jicho letu huzoea giza la msituni upesi hata tusilitambue, kamera hailisamehi. Kwa wepesi wa kuhisi mwanga wa ISO 100, kivulini shata huenda ikahitaji 1/50 ya sekunde. Ukipandisha ISO hadi 800, yaani mara nane, unapata 1/400. Picha itakuwa na chembechembe kidogo, lakini chembechembe husameheka kuliko mtikisiko. Picha yenye chembe inasomeka; iliyotikisika haisomeki.

Namna ya kuishika kamera nayo ina nafasi yake. Mkono wa kushoto ukae chini ya lenzi, kiganja kikitazama juu, ili ubebe uzito. Viwiko vibanwe ubavuni. Mgongo uegemee mti au nguzo iwapo ipo. Pumzi itolewe nusu, kisha kitufe kibonyezwe taratibu, kisidonolewe kama kuku adonoavyo mtama. Mfuko mdogo uliojazwa mchele au mchanga mkavu, ukiwekwa juu ya ukuta na lenzi ikalazwa juu yake, hufanya kazi ya stendi kwa gharama ndogo. Mkenya mwenzetu Mohamed Amin, aliyepiga filamu ya njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ikauamsha ulimwengu, alipoteza mkono wake wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa mwaka 1991. Alirudi kazini akiwa na mkono wa bandia, akaendelea hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1996. Ikiwa mtu aliyepoteza mkono ule ule unaobeba lenzi alitafuta njia ya kuitegemeza kamera, sisi tulio na miwili hatuna udhuru.

Maradhi ya pili ni ukungu wa mlengwa. Hapa mandhari yametulia, majani yanahesabika, lakini aliyekusudiwa amepita kama upepo. Fika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wengi huuita Pirates, siku ya sikukuu, nawe utauona ukungu huu kwa wingi: watoto wanaorukia mawimbi, mpira unaopaa, ngamia anayetembezwa na mwenyewe. Stendi haisaidii kitu, kwani aliyetikisika si mpigapicha. Kadhalika kile kizuia-mtikisiko kilichomo katika lenzi nyingi za kisasa hakisaidii. Chombo hicho huutuliza mkono wako, hakimtulizi mtoto wa watu. Nimesikia wengi wakikilaumu kwa kosa lisilo lake. Dawa ni mwendo wa shata peke yake: kwa anayetembea polepole 1/250 yaweza kutosha, na kwa anayekimbia au kuruka ianzie 1/500 hadi 1/1000. Anayekuja moja kwa moja kuelekea kwako huonekana kutulia zaidi kuliko anayekatiza mbele yako. Basi ukiweza kuchagua mahali pa kusimama uwanjani, simama nyuma ya goli, usisimame kando ya mstari wa katikati.

Maradhi ya tatu ni ukungu wa fokasi. Dalili yake ni kwamba kuna kitu kilicho wazi katika picha, ila sicho ulichokitaka. Ua la seng'enge lina kila uzi wake, naye pongo aliye nyuma yake ni doa. Zumu ndefu haina huruma katika jambo hili. Ukiwa na lenzi ya milimita 50, tundu likiwa f/5.6, na mlengwa akiwa mita 10, vitu vilivyo kati ya takriban mita 6 na mita 30 vitaonekana vyema. Vuta hadi milimita 300 kwa tundu lile lile na umbali ule ule, eneo hilo linabaki chini ya sentimita 40. Wanafunzi watano wakisimama kwa safu mbili, safu moja itapotea.

Yapo mambo matatu ya kukumbuka. Mosi, vuta kwanza, fokasi baadaye. Lenzi nyingi za siku hizi hupoteza fokasi pete ya zumu inapozungushwa, na aliyefokasi kabla ya kuvuta amejenga nyumba kisha akahamisha msingi. Pili, usiiachie kamera ikuchagulie. Ielekeze nukta yake moja ya fokasi kwenye jicho la mlengwa, awe mtu au mnyama. Jicho likiwa wazi, mtazamaji huyasamehe masikio. Tatu, lenzi hizi haziwezi kufokasi kitu kilicho karibu mno. Nyingi za milimita 300 zinahitaji mita moja u nusu au zaidi, na jongoo aliye miguuni pako ni wa kurudishwa hatua mbili kabla ya kupigwa picha, au tuseme ni wewe wa kurudi.

Maradhi ya nne ndiyo yanayostahiki jina la ukungu hasa, na ndiyo yanayotuhusu zaidi sisi watu wa Pwani: ukungu wa hewa na kioo. Picha yote imefifia, rangi zimepauka kama kanga iliyofuliwa miaka mingi, lakini hakuna kilichovutika upande wowote. Ukitoka katika chumba au gari lenye kiyoyozi na kuingia katika joto na unyevu wa Mombasa, kioo baridi cha lenzi hufunikwa na mvuke papo hapo. Kuufuta hakufai, kwa kuwa hurudi mara kioo kikiwa bado baridi. Iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa kwa nusu saa ipate joto taratibu. Upepo wa bahari nao hubeba chumvi inayojipaka juu ya kioo; ipulize kwanza, kisha futa kwa kitambaa laini, kwani kuisugua chumvi kavu ni kukikwaruza kioo. Na lenzi isifungiwe kabatini katika giza na unyevu, isije ikaota kuvu ndani.

Hewa yenyewe ni adui wa kujitegemea. Wakati wa kaskazi, mchana jua linapowaka, joto hupanda kutoka mchangani kwa mawimbi, na kila kilicho mbali hucheza kama kilichomo ndani ya maji. Hakuna lenzi inayoyapenya mawimbi hayo, na kadiri unavyovuta ndivyo unavyoyakuza. Piga asubuhi mapema au jioni. Ufuo wa Bamburi unaelekea mashariki, basi asubuhi jua hutoka baharini na kukuchoma usoni; alasiri huwa nyuma yako, likimulika mawimbi na watu. Wakati wa kusi, joto huwa limepungua lakini upepo hushika lenzi ndefu kama tanga. Hapo mpigapicha akae chini, au ajifiche nyuma ya ukuta.

Wanaotumia simu wana ugonjwa wa ziada. Katika simu nyingi, kuvuta kwa vidole viwili si zumu. Ni kuikata picha na kuipanua. Kamera yenye nukta milioni 12 ikivutwa mara nne kwa njia hiyo hubakisha nukta laki saba u nusu, moja kati ya kumi na sita. Ukungu huo hauna dawa ila miguu: karibia.

Na hapa ndipo penye nasaha niithaminiyo kuliko hesabu zote. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Zumu imetuzoeza kumpiga mtu picha kutoka mbali bila kumpigia hodi, na umbali huo ndio mzazi wa ukungu wote tulioutaja. Anayesogea, akaamkia, akaomba ruhusa, hupata mambo mawili kwa pamoja: mlengwa aliyetulia, na lenzi isiyolazimika kuvutwa mpaka mwisho. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, picha ya mtu anayetambulika si mali ya kuokota. Mnamo 2023 shule moja nchini ilitozwa faini kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Adabu, sheria na fokasi, zote zinatuelekeza mahali pamoja.

Hebu sasa nirudi katika taaluma yangu, kwani ndiko gharama ya ukungu inakopimika. Tungo za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, zimetufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua alizikusanya na kuziandika kwa hati ya Kiarabu, na W. E. Taylor akazihifadhi. Miswada ya aina hiyo ingali katika masanduku ya familia nyingi za Pwani, na wanafunzi wetu wanatumwa kuipiga picha. Katika hati hiyo, be, te na nuni huwa na umbo moja zinapoanza silabi. Kinachozitenga ni nukta. Be ina nukta moja chini, nuni ina moja juu, te ina mbili juu. Yaandike maneno baba, tata na nana kwa hati hiyo, kisha uziondoe nukta: yatabaki maneno matatu yenye mifupa ile ile. Ukungu wa nusu milimita unatosha kumgeuza baba kuwa tata, na mshairi aliyefariki hatafufuka kutusahihishia. Kwa kazi hiyo nashauri zumu iachwe katikati ya urefu wake, tundu liwe f/8, karatasi ilazwe karibu na dirisha bila jua la moja kwa moja, kamera iwekwe juu ya stendi, na kitufe kibonyezwe kwa saa ya kuchelewesha ya sekunde mbili ili hata kidole kisiitikise. Kisha picha ikuzwe pale pale katika kioo cha kamera na nukta zihesabiwe kabla ya kumrudishia mwenye mswada mali yake.

Walimu wanaweza kulifundisha jambo hili kwa kamera moja na kipindi kimoja. Ukurasa wa gazeti ubandikwe ukutani, na wanafunzi wanne waupige picha wakiwa mita tano mbali, zumu ikiwa imevutwa mpaka mwisho: wa kwanza kwa shata ya 1/30 akiwa amesimama bila kuegemea, wa pili kwa 1/500, wa tatu gazeti likipeperushwa, wa nne akifokasi kidole kilichonyoshwa mbele ya gazeti. Picha zikionyeshwa darasani bila majina, wanafunzi waambiwe kila moja inaugua nini na kwa dalili zipi. Hilo ni somo la fizikia, ni somo la sanaa, na ni somo la lugha pia, kwani mwanafunzi anajifunza kwamba kutaja kwa usahihi ni mwanzo wa kurekebisha.

Basi mwanafunzi atakapomletea mwalimu wake picha mbovu na kuuliza kwa nini ina ukungu, mwalimu asikimbilie kuilaumu kamera. Naamuuliza kwanza: ukungu gani?